Nilitafuta mazutu (dizeli) kwenye mawese, nikapata sabuni. Kosa liko wapi?

MamaSabuni_Kadutu (Bukavu), Jumamosi saa 3 usiku

Bandugu, nawasalimu. Mimi ni mama wa kupika sabuni hapa Kadutu, mwaka wa kumi na moja huu. Ni ile miche mirefu ya mawese na soda kostike tunayokata kwa waya. Kwa hiyo tafadhali msinifundishe sabuni ni nini. Shida yangu ni nyingine.

Mdogo wangu ana mashini ya kusaga unga, motere ya silinda moja. Mazutu yakipanda bei anafunga mlango, kisha anakuja kukaa kwangu na kula chakula changu. Mwezi uliopita kijana wa jirani akanionyesha video. Bwana mmoja anachukua mafuta ya kukaangia, anachanganya na methanoli, ile alkoli ya sumu, na soda kidogo, anakoroga, analaza usiku kucha. Asubuhi juu kuna mazutu yenye rangi ya chai, chini kuna kitu kizito kama asali. Nikasema moyoni: mafuta ninayo, soda ninayo, mwiko ninao. Imebaki methanoli tu.

Nilifanya hivi. Bidoni ya lita 20 ya mawese ya Fizi. Si mapya, yalikuwa yamekaa muda na yameanza kunuka uchachu, maana hayo ndiyo ninunuayo kwa sabuni, bei yake ni ya chini. Nikayapasha kwenye mbabula ya makala (jiko la mkaa) mpaka sufuria haishikiki. Methanoli lita 4, niliipata kwa muuza dawa za labo, na bei yake siandiki hapa, mume wangu naye anasoma intaneti. Soda gramu 100, niliipima kwenye mizani ya jirani anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Nikakoroga saa nzima, nikafunika.

Asubuhi nikakuta uji wa rangi ya machungwa, mwiko unasimama wenyewe. Hakuna cha juu wala cha chini. Nikaongeza maji ya moto nikidhani vitaachana, povu likapanda mpaka likamwagika kwenye makala. Povu! Nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Miaka yote hii naomba sabuni ishike, na siku moja tu nisiyoitaka, imeshika bila kuombwa.

Naomba mnieleze: kosa ni mawese, ni soda, au ni moto? Na kingine: kwenye video soda wanaiita kichocheo. Mimi naitumia kila siku na sijasikia mtu kuiita hivyo. Ni soda ileile au kuna nyingine?

---

Fundi_Motere (Goma), Jumamosi saa 4 usiku

Mama, pole, lakini mshukuru Mungu hukuyamimina kwenye motere. Mimi niliwahi kuletewa motere ya mashini ambayo mwenyewe alitia mawese yaliyochujwa kwa kitambaa, hivihivi. Ilifanya kazi siku chache vizuri, akajiona mjanja wa mji. Nilipoifungua, enjekta ilikuwa na kaa jeusi gumu kama lava yetu ya hapa, na ringi za pistoni zimeganda mahali pake. Mawese ni mazito mara kumi hivi kuliko mazutu, si kwa mizani bali kwa kutiririka. Enjekta haiwezi kuyapasua yawe ukungu, inayatema matone, na tone haliungui lote. Hiyo methanoli kazi yake ni kuyapunguzia uzito. Kwa nini yamekuwa sabuni, namwachia anayejua.

---

Mwalimu_Mstaafu (Lubumbashi), Jumapili saa 1 asubuhi

Mama, nimefundisha kemia hapa Lubumbashi mpaka chaki ikanikausha vidole. Kabla sijasema lolote, nijibu moja tu: hiyo soda uliiyeyusha ndani ya nini?

---

MamaSabuni_Kadutu, Jumapili saa 7 mchana

Ndani ya maji, Papa Mwalimu. Glasi moja tu. Ndivyo soda inavyoyeyushwa. Au?

---

Mwalimu_Mstaafu, Jumapili saa 11 jioni

Glasi hiyo ndiyo iliyokuangusha, ingawa haikuwa peke yake.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonipendeza. Soda ni ileile. Kinachobadilika ni kazi unayoipa. Ukipika sabuni, soda inaingia ndani ya sabuni na haitoki. Sodiamu yake inashikana na asidi ya mafuta, na ndoa hiyo ndiyo mche unaoukata kwa waya. Ndiyo maana kwa lita 20 za mawese unatia soda kama kilo mbili na nusu, sivyo? Ukipunguza, mafuta yanabaki yamelegea. Sasa jiulize: kwa nini yule wa video anatia gramu 70 au 100 tu kwenye mafuta yaleyale?

Kwa sababu kwake soda ni komisioneri wa nyumba. Unamjua: anamkutanisha mwenye nyumba na mpangaji, mkataba ukishaandikwa yeye anaondoka, na mchana huohuo yuko mtaa mwingine na watu wengine. Komisioneri mmoja anapangisha mtaa mzima. Huyo ndiye kichocheo, sisi darasani tulimwita katalizeri. Anaharakisha shughuli na yeye mwenyewe haliwi. Ila huyu wa kemia hadai komisioni, hapo ndipo anapowashinda wa Bukavu na Lubumbashi.

Shughuli yenyewe ni hii. Chembe moja ya mafuta ina mikia mitatu mirefu iliyofungwa kwenye kifundo kimoja, na kifundo hicho ndicho gliserini. Chembe tatu za methanoli zinakuja, kila moja inachukua mkia wake. Gliserini inabaki tupu na kuzama chini, ndiyo ile asali uliyoiona kwenye video. Mkia uliopata methanoli ni mwepesi, na enjekta inaweza kuupasua kama Fundi alivyosema. Bila kichocheo unaweza kuchemsha mafuta na methanoli siku nzima usipate kitu cha maana. Soda ikiyeyushwa ndani ya methanoli kavu inazaa methoksidi, na huyo ndiye mfanyakazi hasa.

Ukitia maji, methoksidi inarudi kuwa soda, na soda yenye maji inajua kazi moja tu, ile uliyoifundisha miaka kumi na moja. Komisioneri amemuoa mpangaji njiani, Mama. Nyumba haikupangishwa.

La pili ni mawese yako. Ule uchachu ulionusa ni mikia iliyokwisha kukatika yenyewe kwa kukaa, ni asidi huru. Kila moja inakamata soda, inakuwa sabuni, na juu ya hapo inazaa tone la maji. Asidi ikiwa ndogo, chini ya sehemu 2 kwa 100 tuseme, unaongeza soda kidogo na mambo yanaendelea. Mawese machachu yanaweza kupita hapo mbali sana.

La tatu limenitisha. Methanoli pwani inachemka kwenye nyuzi 65. Kwenu Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo inaanza kuchemka kwenye 60 hivi. Wewe uliimwaga kwenye sufuria isiyoshikika, juu ya makala yanayowaka! Moto wa methanoli mchana hauonekani, mtu anaungua akitafuta kinachomchoma. Na mvuke wake si wa kuvuta. Kiasi kidogo sana kikinywewa kinaua macho. Usirudie ndani ya nyumba, na usirudie kwenye mbabula. Pasha mafuta peke yake, ondoa moto, yapoe mpaka nyuzi 50 au 55, ndipo uchanganye ndani ya chombo kinachofungwa, nje, penye upepo.

Na usidhani ni mambo ya watu wa video. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422,877 kwa kazi hii hasa, na mafuta aliyoyashughulikia zaidi yalikuwa mawese. Kiangazi cha mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain likinywa mawese yaliyogeuzwa. Yeye alitumia ethanoli mahali pa methanoli, na kichocheo chake kikuu kilikuwa asidi. Mwaka 1942 jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji likaandika habari hizo kwa urefu. Mawese yetu yalipanda basi la Ulaya kabla babu zetu hawajaliona.

---

Fundi_Motere, Jumapili saa 2 usiku

Papa Mwalimu, kama huyo Mbelgiji alitumia ethanoli, si tuna kanyanga, pombe kali ya huku? Huku ipo kuliko maji ya bomba.

---

Mwalimu_Mstaafu, Jumapili saa 3 usiku

Nilijua swali hilo litatoka Goma. Kanyanga ina maji mengi. Hata ukiipika tena na tena, ukifika karibu sehemu 96 kwa 100 pombe na maji vinaanza kupanda pamoja kwenye mvuke, havitengani tena. Hapo inabidi uikaushe kwa chokaa hai kisha uipike mara nyingine. Na hata ikikauka, ethanoli na soda vinaleta mchanganyiko unaokawia kutengana. Waachie wanywaji.

---

Kijana_wa_Labo (Bukavu), Jumatatu saa 6 mchana

Jambo Mama, jambo Papa Mwalimu. Mimi nasoma kemia hapahapa Bukavu. Kwa nini Mama asitumie maganda ya mayai? Ukiyachoma kwenye nyuzi 900 hivi, gesi ya kaboni inatoka na inabaki chokaa hai. Hiyo ni kichocheo kigumu, hakiyeyuki kama soda. Kazi ikiisha unakichuja na kukitumia tena, na mazutu hayahitaji kuoshwa sana. Kuna pia majivu ya maganda ya ndizi, yana potasi nyingi. Vyote hivi tunavitupa.

Na kabla ya kupika, Mama apime asidi ya mafuta yake. Gramu 1 ya soda ndani ya lita 1 ya maji safi. Mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za alkoli ya famasi, pamoja na manjano ya jikoni kidogo. Unadondosha yale maji ya soda mpaka rangi ya njano igeuke nyekundu na ibaki. Kila mililita uliyotumia ni gramu 1 ya soda ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya ile 3.5 ya kawaida.

---

Mwalimu_Mstaafu, Jumatatu saa 12 jioni

Kijana, kipimo chako nakipa alama zote. Mama, fanya pia kipimo cha alkoli peke yake bila mafuta na ukitoe, maana alkoli nayo huwa na uchachu kidogo.

Maganda ya mayai ni kweli, na ndiko viwanda vinakopenda kuelekea: kichocheo unachoweza kukishika mkononi, siyo kinachopotea ndani ya mafuta. Ila nyuzi 900 hazipatikani kwenye mbabula. Chokaa hai ikikaa wazi inakunywa unyevu na gesi ya hewani na kurudi ilikotoka. Kazi yake ni ya polepole kuliko soda. Na asidi ya mawese machachu inaila nayo, utapata sabuni ya kalsiamu, ile inayoganda kwenye beseni ukifulia maji magumu.

Kwa asidi nyingi njia inayojulikana ni ya hatua mbili: kwanza asidi ya salfa iwe kichocheo, inageuza zile asidi huru ziwe mazutu, ndipo soda imalizie. Najua mtu ataandika hapa kwamba asidi ya batri ipo. Zaidi ya nusu yake ni maji! Na ile kali, huku Katanga tunaiona ikipita kwa malori ya tanki kwenda kwenye machimbo ya shaba, na hakuna mama ninayeweza kumshauri aiweke jikoni. Maoni yangu, Mama, ni kwamba mawese machachu ni mali ya sabuni. Tafuta mafuta mengine kwa mazutu.

---

MamaSabuni_Kadutu, wiki mbili baadaye, Jumapili saa 10 jioni

Nimerudi. Nilikuwa sijanyamaza, nilikuwa napima.

Manjano kwenye mawese mekundu ni kazi bure, nyekundu juu ya nyekundu, sikuona kitu. Kijana, hilo hukulijaribu, sema kweli. Nikafanya ninavyofanya kwa sabuni nyeupe: nikachoma mawese kidogo kwenye moto mkali mpaka wekundu ukafa, nikapima hayo. Yale ya zamani yamekunywa mililita 13. Mapya ya wiki hiyo, 5. Kisha nikaenda Nyawera kwa mama anayekaanga friti (chipsi), nikamwomba mafuta anayomwaga jioni. Mililita 2! Mafuta yaliyochoka ya friti yana asidi ndogo kuliko mawese ninayolipia pesa. Nilipima mara tatu maana sikuamini.

Basi nikachukua lita 1 ya friti. Nikayachuja, nikayachemsha mpaka vipovu vya maji vikaisha, nikaacha yapoe. Soda nilinunua mpya iliyofungwa, siyo ya gunia langu, kwa sababu hapa kwetu mvua haikauki na gunia lililofunguliwa linajinywea unyevu kama sponji. Gramu 5.5. Safari hii niliiyeyusha ndani ya methanoli, mililita 200, nje uani, watoto nimewafungia ndani. Mkono wangu ulikataa, Papa Mwalimu. Mara mbili niliushika ukienda kwenye kopo la maji.

Nikachanganya kwenye chupa yenye kifuniko, nikaiweka kwenye beseni la maji ya moto yasiyopita nyuzi 55, kwa kipimajoto alichoniazima Kijana (ndiyo, tumekutana, ni mwembamba na ana adabu). Kila baada ya dakika chache natikisa, nalegeza kifuniko kitoe pumzi, nafunga. Baada ya saa moja nikaisimamisha dirishani. Nusu saa haijaisha, weusi ukaanza kushuka. Kama chai inavyotua: juu kunang'aa, chini kunajaa. Niliita mume wangu aje aone, na hapo ndipo bei ya methanoli ilipojulikana.

Nimeosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, polepole bila kutikisa sana. Mara ya kwanza maji yalitoka meupe kama maziwa, ile ni sabuni iliyobaki, mara ya tatu yakatoka safi. Nimebaki na mililita kama 900. Nilipofikisha lita 4 mdogo wangu akazichanganya na mazutu ya kawaida, moja kwa nne, mashini ikasaga siku mbili. Wateja wanauliza nani anakaanga friti kwenye unga.

Sasa hesabu, maana mimi ni mfanyabiashara. Mafuta ni ya bure, soda ni kidogo, methanoli inakula karibu faida yote. Mdogo wangu hatajenga nyumba kwa njia hii. Ile asali ya chini niliiacha wazi uani siku kadhaa itoe methanoli, nikaitia kwenye sufuria moja ya sabuni. Mche umetoka laini kidogo lakini haukaushi mikono, na mama mmoja wa Bagira amerudi kuuliza kama nina nyingine.

---

Fundi_Motere, Jumapili saa 11 jioni

Hongera Mama! Mambo mawili. Chupa hiyo iache nje usiku mmoja uitazame alfajiri. Kama mafuta ya friti yalitoka kwenye mawese, yatakuwa yameshika ukungu kama mafuta ya ng'ombe, kwa sababu mazutu ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 mpaka 16, na Bukavu alfajiri ya kiangazi hufika hapo. Filta itaziba na mdogo wako atalaumu motere. La pili, mpira wa mafuta ukiwa wa zamani utavimba. Aukague kila wiki, na filta ya kwanza abadilishe mapema, maana mazutu haya yanaosha tanki na kubeba uchafu wote wa zamani.

---

Mwalimu_Mstaafu, Jumapili saa 2 usiku

Nimesoma taarifa yako mara mbili, Mama, na ningekuwa bado na daftari la alama ningejua la kuandika.

Nikuongezee jambo juu ya hiyo methanoli inayokuvunja mgongo. Kiwandani inatengenezwa kwa gesi inayopitishwa juu ya kichocheo cha shaba na zinki, kwenye nyuzi 250 hivi, kwa mgandamizo wa mara 50 hadi 100 wa hewa. Shaba, Mama! Inachimbwa huku kwetu, inapanda lori, inavuka bahari, na mwishowe inazaa methanoli inayokurudia kwenye chupa ya muuza dawa za labo kwa bei ya kumficha mume. Na gliserini yako, viwanda vinaipitisha na hidrojeni juu ya shaba hiyohiyo na kupata glikoli inayotiwa kwenye maji ya radiateri. Gesi ya methani nayo mnayo ndani ya maji ya chini ya ziwa, kilomita za ujazo kama 60. Wenzetu wa Rwanda wanaichomea umeme. Kuifanya methanoli kunahitaji kwanza nikeli na mvuke kwenye nyuzi zaidi ya 800, kwa hiyo usijaribu kwenye mbabula.

---

MamaSabuni_Kadutu, Jumatatu saa 12 asubuhi

Fundi, nimeamka saa 11 kuangalia chupa. Nusu imeshika ukungu, umesema kweli. Jua limeipiga kidogo imerudi sawa. Nimemwambia mdogo wangu aichanganye mchana na asilaze motere na mafuta hayo ndani.

Bidoni sasa nimeziandika kwa makala: mililita 3 kushuka ni za mashini, mililita 4 kupanda ni za sabuni. Na ule uji wa machungwa sikuutupa. Niliuacha wazi uani mpaka methanoli ikaisha, nikauongezea soda iliyobaki kufikia kipimo changu, nikaupika upya. Umetoa miche 60.

---

Fundi_Motere, Jumatatu saa 2 asubuhi

Mama, hapa Goma karibu na gereji yangu wanakaanga watu wanne. Nikikusanya bidoni nikutumie kwa boti, utanirudishia sabuni?

---

MamaSabuni_Kadutu, Jumatatu saa 3 asubuhi

Tuma. Lakini uyachuje kwanza. Kwenye ya Nyawera nimekuta sambaza mzima.